Nguruwe Aliyenuna

Jumatatu, 2 Mei 2011

Leo mimi ni dairekta. Cheo nimejipa mwenyewe mbele ya kioo, nikijinyoa. Dairekta Pyo Chun-bae. Kimenikaa!

Miaka ishirini na miwili nimekuwa Mjomba Figili. Kila Jumapili kwenye televisheni, majani ya figili kichwani, suruali imepandishwa hadi kifuani, na Tak Yong-gap ananigonga upawa utosini. Mimi naanguka, nainuka, napepesa macho, nasema: "Bado sijaiva!" Nchi nzima hoi. Nchi yenye vyuo vikuu hiyo! Daktari wa meno aliwahi kuniomba niseme, mkono wake ukiwa ndani ya kinywa changu. Siku tulipomzika baba, mlevi mmoja alisimama katikati ya matanga akataka niseme. Nikasema. Baba amelala nyuma ya pazia, mwanawe anawaambia watu bado hajaiva. Wakacheka. Sijasahau mpaka leo.

Tak alikuwepo siku zote tatu za matanga. Ndiye aliyemtoa yule mlevi nje kwa kumkwida kola. Lakini ninachokumbuka mimi ni kwamba alikula mabakuli sita ya supu ya nyama. Sita! Kwenye msiba wa watu.

Sasa basi. Filamu yangu inaitwa "Chumvi Isiyo na Jua". Mzee wa majaruba ya chumvi ana mwana aliyekwenda Seoul, na mwana harudi. Urefu wake saa mbili na dakika arobaini, hakuna anayetabasamu. Mbwa yumo, naye nimepiga marufuku asitikise mkia. Mzee ataigizwa na Baek In-mo wa michezo ya jukwaani, mtu ambaye ukimtazama usoni tu unawakumbuka marehemu wako wote. Mwezi wa tisa Bi Seok Mi-ran, yule anayechagua filamu za tamasha kubwa la pwani, atakuja kuitazama. Akiichagua, Mjomba Figili amekufa. Mpaka watoto wa mtaani wataniita Dairekta Pyo. Hilo tu ndilo ninalotaka katika dunia hii.

Tak naye kajifanya dairekta mwaka jana. Filamu ya bata aliyepotea njia. Watu milioni tatu wakaenda kumwona. Bata!

Nimemweleza mke wangu mipango yote. Alikuwa saluni kwake, anamsokota mteja nywele. Akaniuliza, bila kugeuka, kama Dairekta anaweza kupitia dukani kuchukua tofu.

Jumatano, 4 Mei

Ijumaa ni tambiko la kufungua kazi. Hakuna filamu inayoanza bila tambiko. Kichwa cha nguruwe mezani, kila mtu anapiga magoti na kuinama, anakimiminia pombe ya mchele, anakichomekea noti mdomoni, anaomba asidondoke mtu kwenye ngazi. Sawa. Mimi si mtu wa kudharau mizimu.

Lakini kichwa lazima kiwe kinacheka! Ndiyo kanuni. Wauza nyama huvichagua kabisa, kinachocheka sana ndicho cha thamani. Nikajiuliza: filamu ya majonzi, ifunguliwe na nguruwe aliyekenua meno? Hapo ndipo laana ya vichekesho inapoingilia. Thubutu!

Nikaenda sokoni Majang. Kuna mama mwenye glavu nyekundu, bucha yake imejaa vichwa vinavyochekelea kama vimeshinda bahati nasibu. Nikamwambia nataka aliyenuna. Akadhani hajasikia. Nikarudia. Akasema yuko hapa miaka thelathini na moja, hajawahi kuulizwa swali hilo na mtu mwenye akili timamu. Akaingia kwenye friza, akatoka na kimoja, taya limeanguka, macho yamefumba kama mtu aliyefiwa. Akasema huyu alikuwa wa kuchemshwa supu, hakuna anayemtaka.

Nikamwambia ndiye! Ndipo akanitazama vizuri. Akapiga kelele: "Ala! Si Mjomba Figili huyu!" Akakivuta kichwa nyuma yake. Nisiposema, sipewi.

Nikasema. Polepole, kwa sauti ya chini. Safu nzima ya mabucha wakasikia.

Ijumaa, 6 Mei

Tambiko limefanyika. Tumesimama kando ya majaruba, upepo, watu ishirini na wawili, nguruwe katikati amenuna. Nilisikia fahari.

Wenzangu hawakusikia fahari. Msaidizi wangu, Cha Eun-suk, binti msomi, alinivuta pembeni akanong'ona kwamba mafundi wanauliza kama huyo nguruwe ana ugomvi na mtu. Fundi wa taa akajaribu kuinua mashavu ya marehemu kwa gundi ya karatasi. Nikaibandua. Noti zikakataa kukaa mdomoni, kila ukichomeka inadondoka kwenye tope. Watu wakatazamana.

Zamu ya Mzee Baek ikafika. Hakupiga magoti. Akasema amewainamia nguruwe sitini katika maisha yake ya kazi, wote walimchekea. Huyu amemnunia kama amemkanyagia kaburi. Akaenda kukaa garini.

Niliinama mara tatu kwa niaba yake. Kimsingi tumeanza vyema.

Mke wangu alipiga simu kuuliza habari. Nikamweleza. Akasema: "Baba Sejin, nguruwe kanuna, wewe umenuna, sasa nani atawafungulia njia?" Wanawake na ushirikina!

Jumatano, 11 Mei

Mvua. Siku ya tano mfululizo. Chumvi inataka jua, nasi tuna bahari juu na bahari chini. Mafundi wananitazama kwa jicho lile. Mpishi wetu naye, nilipomwomba supu, aliniuliza kama inanipendeza ikiwa imenuna.

Tak kapata habari, sijui kwa nani. Ametuma sanduku la makoti ya mvua, ishirini na mbili kamili, na kikaratasi: kama nimepungukiwa na mwigizaji, yuko tayari kuja bure, hata kuwa mbwa. Dharau iliyoje! Eti mbwa. Nimeyakubali makoti kwa sababu watu wanakohoa. Kikaratasi nimekichana.

Saa nane mchana Mzee Baek aliteleza kwenye jaruba, akaanguka kwa makalio. Hajavunjika kitu. Lakini alibaki ameketi pale majini, akanyoosha kidole kuelekea kule tulikokifukia kichwa, akasema: "Si niliwaambia?" Akaondoka na basi la saa kumi. Ametuachia hata kofia yake.

Hana nidhamu. Waigizaji wa jukwaani ndivyo walivyo, wanasifiwa mno wakiwa wadogo.

Alhamisi, 12 Mei

Jua! Na suluhisho limepatikana. Mzee wa chumvi nitamwigiza mimi mwenyewe.

Nani anamjua mzee huyu kuliko mimi? Nilivaa kofia ya Baek, nikashika koleo la mbao, nikaagiza kamera ziwake. Tukapiga tukio kuu: mzee amepanda juu ya lundo la chumvi jioni, anamwita mwanawe aje kula. Anaita mara tatu. Hakuna anayeitika. Nilipoita mara ya tatu sauti ilinitoka nyingine, sikujua imetoka wapi. Hali ya hewa, nadhani. Kisha lundo likateleza nikashuka nalo mpaka chini. Nimeliacha hivyo hivyo. Uhalisia.

Mpiga kamera alikuwa anatetemeka. Kasema ni upepo. Eun-suk alikuwa ameuma skafu yake, macho yamemtoka, uso mwekundu. Kaguswa, maskini. Msomi, lakini ana moyo.

Jumanne, 20 Septemba

Filamu imekamilika. Bi Seok anakuja Jumamosi. Leo nimemwonyesha mke wangu peke yake.

Alikaa kimya dakika kumi na nne. Mimi nikatokea na koleo. Akajifunika uso kwa mkoba. Nikadhani kilio. Lilipoteleza lundo akatoka nje mbio, nikamsikia kwenye korido analia kama fisi, anapiga ukuta kwa kiganja. Aliporudi akaniomba radhi kwa adabu zote. Akasema tatizo si filamu, filamu ni nzuri, tatizo ni sura. "Sura yako, Baba Sejin, watu wameizoea vibaya."

Nimetafakari. Mtu hacheki peke yake penye matanga. Ukumbi ukilia, Bi Seok atalia. Kwa hiyo nahitaji waombolezaji. Na ninao!

Mimi niliingia televisheni na kundi la tano la wachekeshaji. Kuanzia kundi la sita kushuka chini wote ni wadogo zangu, na mdogo hamkatalii kaka. Kaka akifika, unasimama. Kaka akinywa, unamimina kwa mikono miwili. Kaka akitania, unacheka, tena upesi, na kofi la paja juu. Mimi ndiye niliyewanyoosha. Kundi la nane waliwahi kuchelewa kunichekea, kama nukta moja hivi; niliwasimamisha kwenye korido mikono juu mpaka wakatoa jasho. Tangu siku ile hawakuchelewa tena. Malezi hayo!

Nimempigia Noh Jae-pil, mkubwa wa kundi la nane. Alete watu arobaini, suti nyeusi, wakae safu za mbele, walie. Akaitika: "Ndiyo, kaka mkubwa." Akauliza kwa heshima, je, machozi yasipotoka? Nimelifikiria hilo pia. Nimenunua makopo arobaini ya mafuta ya kuchua, yale makali ya mgongo. Kila mmoja ajipake chini ya macho kabla taa hazijazimwa. Hata sanamu italia.

Mke wangu alipoyaona makopo alisema mchimba kisima... Halafu hakumalizia. Hana hata subira ya kumalizia methali.

Jumamosi, 24 Septemba

Niandike kwa utaratibu.

Jae-pil na watu wake walifika mapema, weusi, wamejipaka. Ukumbi ulinuka kama hospitali ya wanamiereka. Bi Seok alikaa safu ya tano na kidaftari chake, miwani, sura ya jiwe. Nilimpenda papo hapo. Tak alijitokeza bila mwaliko na sanduku la peasi, akakaa nyuma kabisa.

Taa zikazimwa. Bahari. Kimya. Majaruba. Kimya. Mtu akavuta kamasi. Safi kabisa! Machozi yalikuwa yanawachuruzika, nayaona yanang'aa kwa mwanga wa filamu. Nikajiona tayari nashukuru wazazi na walimu.

Ikatokea sura yangu.

Sikio halijamaliza kutokea, Jae-pil akapiga kofi la paja. Pa! Akacheka. Na wale thelathini na tisa wakamfuata kwa mpigo mmoja, paja, kicheko, paja, kicheko, hakuna aliyechelewa hata nukta. Nilisimama gizani nikawafokea: lieni! Wakaisikia sauti ya kaka mkubwa, wakadhani natania. Ndipo ilipokuwa balaa. Wengine walishuka vitini. Na kadiri walivyocheka ndivyo walivyojifuta, na walivyojifuta ndivyo mafuta yalivyoingia machoni. Wanalia, wanacheka, wanashikana mabega kama waliookolewa baharini. Saa mbili na dakika arobaini!

Bi Seok aligeuka akawatazama. Akavua miwani. Akaipangusa. Akaandika kitu. Nilitaka sakafu inimeze.

Mmoja tu hakucheka. Nilipokuwa juu ya lundo namwita mwanangu, niligeuka nikamwona Tak kule nyuma, kajiinamia, mabega yanamtikisika, kitambaa usoni. Taa zilipowaka macho yake yalikuwa mekundu. Na yeye hakupewa mafuta. Makopo yalikuwa arobaini, wote arobaini nawajua. Sasa kalia nini? Nimelitafakari njia nzima ya kurudi nyumbani, jibu ni moja tu. Wivu.

Jae-pil alinipigia magoti kwenye ngazi, macho yamevimba kama maandazi. "Kaka, mkono ulikwenda wenyewe. Nilikuwa nalia vizuri tu, nikaiona sura yako, mkono ukaenda. Ulitufundisha sana."

Nimemwambia asimame mikono juu. Amesimama.

Jumanne, 27 Septemba

IMECHAGULIWA! Barua imefika, mhuri na kila kitu! Nilikimbia hadi saluni na ndala mguu mmoja. Wateja watatu walinipigia makofi wakiwa chini ya mashine za nywele.

Mke wangu akaisoma barua mpaka mwisho, kitu ambacho mimi sikufanya. Akanionyesha mstari kwa kidole chenye rangi ya nywele: sehemu ya vichekesho, usiku wa kufunga, uwanja wa wazi, viti elfu tano.

Nikasema mpiga chapa kakosea. Nikampigia Bi Seok. Sauti yake tamu! Akasema kwa miaka ishirini hajawahi kuona watu wazima wakicheka mpaka machozi yakawachuruzika vile, yeye mwenyewe macho yalimwasha. Akasema kipaji changu ni kubaki nimenuna mwanzo hadi mwisho. Nikamweleza kwamba ni filamu ya majonzi. Akacheka dakika nzima, akasema niyaseme maneno hayo hayo jukwaani.

Basi nitayasema! Nitakwenda. Nimeandika hotuba ya kurasa nane: "Kwa Nini Filamu Hii Ni ya Kusikitisha". Nitaisoma kabla haijaanza. Watu elfu tano watanisikia, na nikimaliza hakuna atakayekuwa na hamu ya kucheka. Nimemjaribia mke wangu kurasa mbili, akasinzia. Dalili njema.

Jumamosi, 15 Oktoba

Ukurasa wa kwanza walikuwa wanatabasamu. Wa pili wakaanza. Wa nne, pale niliposema "nawasihi kwa heshima mlie", mzee mmoja safu ya mbele ilibidi apepewe. Sikufika wa tano. Filamu yenyewe sikuisikia kwa kelele za watu.

Wametupa tuzo. Ya kicheko, iliyopigiwa kura na watazamaji, kinyago cha shaba kimekenua meno. Mtangazaji hakuniita Dairekta. Aliita "Mjomba Figili!" na uwanja mzima ukapaza sauti, watu elfu tano, watoto mabegani mwa baba zao: "Bado sijaiva!" Kisha wakanyamaza. Wakanisubiri.

Nilisimama na kinyago mkononi. Niliapa moyoni. Niliuma meno.

Nikasema. Mdomo ulikwenda wenyewe.

Nyuma ya pazia Tak alikuwa ananingoja. Ana kitambi siku hizi, bata kamnenepesha. Hakunikumbatia wala hakunigonga utosini kama desturi yake. Aliinama kiunoni, kabisa, kama mtu mbele ya mkubwa wake, akaniita Dairekta Pyo. Akasema kule juu ya chumvi nimeita kwa sauti ya marehemu mzee wangu, ile ile aliyokuwa akituita nayo kula, enzi zile tunalala kwake wawili chini ya blanketi moja kabla televisheni haijatujua. Akasema aliposikia mara ya tatu alitaka kuitika. Machozi yakamtoka tena, hadharani, mtu mwenye watazamaji milioni tatu.

Dairekta, eti! Tangu lini Tak akaniheshimu? Kejeli tupu, namjua huyu mtu. Na baba yangu kaingiaje hapa? Filamu yangu haimhusu baba. Baba alikuwa mzee wa chumvi, ndiyo, lakini wa majaruba mengine kabisa.

Nikamwambia supu iko upande ule, aende asije akachelewa.

Jumatatu, 17 Oktoba

Tak kapiga simu mara tatu asubuhi. Eti tufanye filamu moja pamoja, yeye atafute wadhamini, mimi niongoze, hakuna upawa, hadithi ya wazee wawili na baba waliyemgawana. Nimekataa. Anataka kunidandia wakati huu ninapong'ara. Mke wangu ameniuliza kama niliwahi kumshukuru hata kwa makoti. Makoti gani? Yalivuja.

Kinyago kiko juu ya televisheni. Nimekigeuza kitazame ukuta.

Nimekaa leo nzima kutafuta kosa letu lilikuwa wapi, kwa sababu mtu mwenye busara hujifunza. Nimezitoa picha za tambiko, nimezikagua moja moja kwa miwani ya kusomea. Na nimelipata! Kona ya kushoto ya mdomo wa nguruwe. Imepanda. Kidogo, upana wa punje ya mchele, lakini imepanda. Alikuwa anacheka! Muda wote ule tunamwinamia, alikuwa anacheka kichinichini, na yote yametokea hapo: mvua, Baek, mapaja ya kundi la nane, yote.

Basi filamu ijayo: mjane, mgodi wa makaa, majira ya baridi, saa tatu na nusu. Mjane nitamwigiza mimi. Jae-pil ataleta watu themanini, na mafuta makopo mawili kwa kila mtu.

Nimempigia yule mama wa Majang kuweka oda mapema. Nikajitambulisha, Dairekta Pyo. Akasema hamjui mtu huyo. Nikarudia, Dairekta Pyo Chun-bae, wa filamu. Akasema yuko kazini, asichezewe, na akataka kukata simu.

Nikamwambia ni Mjomba Figili.

"Aaa! Si useme! Unataka aliyenuna tena?"

Nikamwambia safari hii aliyenuna zaidi, kona zote mbili. Akasema anaye mmoja, ana sura ya mtu anayedaiwa kodi ya ardhi, lakini ninajua masharti ya duka lake, na wenzake wa safu nzima wako hapo wanasikiliza.

Nikasema.